Malaika (wimbo)

Malaika ni wimbo wa mapenzi wa Kiswahili uliovuma kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya na bendi yake, Black Shadows, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni miongoni mwa nyimbo za Kiswahili zilizorudiwa na wanamuziki wengi zaidi duniani, lakini mtunzi wake anabishaniwa hadi leo.

Maudhui
Anayeimba ni kijana aliyependa, akataka kuoa, akakwamishwa na ufukara. Beti ni fupi na mwendo wake ni wa taratibu.

Asili
Wimbo huu ni zao la enzi za muziki wa dansi. Bendi nyingi za Tanganyika zilijiita Jazz, kuanzia Dar es Salaam Jazz iliyoundwa mwaka 1932 hadi Atomic Jazz ya Tanga. Hata hivyo, zilielemea zaidi rumba ya Kuba kuliko swing ya Marekani. Nyimbo zilipita kutoka bendi hadi bendi kwa kusikilizana, na aliyewahi studio ndiye aliyejulikana.

Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1916, alisema aliutunga Nairobi mwaka 1945 kwa ajili ya mpenzi aliyeozwa mwanamume tajiri. Wengine humtaja Lucas Tututu wa Mombasa au Grant Charo. Fadhili William, mwenyeji wa Taita, alishikilia kuwa ni wake. Rekodi yake ilitolewa na Equator Sound, kampuni ya Charles Worrod ya Nairobi, na Fadhili ndiye aliyetambuliwa katika malipo ya mirabaha.

Athari
Miriam Makeba wa Afrika Kusini ndiye aliyeutangaza zaidi ng'ambo. Umo katika albamu aliyoimba na Harry Belafonte mwaka 1965, iliyoshinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Hep Stars wa Uswidi waliurekodi mwaka 1967, Boney M. mwaka 1981 na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991.

Fadhili William alifariki mwaka 2001, mzozo ukiwa haujaisha. Katika harusi na hoteli za Afrika Mashariki, Malaika ungali wimbo ambao kila bendi hutarajiwa kuujua, na aghalabu hupigwa bila mtunzi kutajwa.