Sanduku la soda wa mizinga: baba zetu katika vita vya 1940–1945



Katika karatasi hii tumezoea kuwaandikia juu ya mabati, mbegu za muhogo na madeni ya likelemba. Safari hii tunaomba ruhusa tuongee kidogo historia, juu ya jambo lililotupata katika kazi yetu hapa Komanda.

Tulikuwa tunaandikisha familia zilizorudi. Kila familia tunaiuliza: mlikimbilia wapi, mlipoteza nini? Watu wanataja mbuzi, baiskeli, mashine ya kushona. Mzee mmoja mwenye miaka zaidi ya sabini alitaja kitu kimoja tu: sanduku la baba yake. Ndani mlikuwa na medali mbili, picha moja na kitabu kidogo cha jeshi. Nyumba iliungua, sanduku likaungua nayo. Fomu yetu haikuwa na nafasi ya kitu kama hicho. Tukaandika "vingine", tukapita kwa mtu wa nyuma yake.

Jioni tuliona haya, tukarudi kwake.

"Papa alikuwa soda wa mizinga," alituambia. "Mzinga hauko wa mtu mmoja, hapana. Mmoja anapima, mmoja anaingiza kombora, wengine wanaleta. Kama mmoja analala, wote mnakufa. Njo vile alikuwa anatufundisha hata kazi ya shamba."

Vita ya Wazungu, miguu yetu

Mei 1940 Wajerumani waliingia Ubelgiji na kuishinda katika siku 18. Lakini Kongo ilibaki upande wa Waingereza, na jeshi la koloni, Force Publique, likatumwa kupigana na Waitaliani waliokuwa wameteka Ethiopia. Njia ya vita ilipita huku kwetu kaskazini-mashariki: Faradje, Aba, halafu Juba katika Sudan. Toka hapo bado ni mamia ya kilometa mpaka milima ya Ethiopia, kwa mashua, kwa kamio na kwa miguu.

Tarehe 11 Machi 1941 waliingia Asosa. Tarehe 23 mwezi uleule wakachukua Gambela, kando ya mto Baro. Mbele yao kulikuwa na Saio, mji ulio juu ya mlima, na Waitaliani huko walikuwa wengi kuliko wao. Hapo shida ikaanza. Chakula kilitoka mbali sana, na mpaka mvua ijaze mito, mashua hazikuweza kupita vizuri. Watu wetu walikaa chini ya mlima na njaa, wakashikwa na beriberi na kuhara damu. Mzee anasema baba yake hakupenda kuhadithia risasi. Alikuwa anahadithia njaa.

Pamoja na hayo walishika nafasi yao, na adui hakujua kama walikuwa wachache namna ile. Tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera alijisalimisha kwa Jenerali Gilliaert wa Force Publique. Majenerali 9 wa Italia walikamatwa, na maelfu ya askari. Katika mateka mlikuwa na mizinga 18, makombora 5,000, bunduki 7,600 na nyumbu 500. Upande wetu walikufa watu wapata 500.

Safari haikuishia hapo. Mwisho wa 1942 maelfu ya askari wa Kongo walipelekwa Nigeria. Baadaye, wengine kwa meli, wengine kwa kamio kupitia jangwa, wakafika Misri na Palestina, wakakaa huko mpaka 1944. Baba wa mzee wetu alikuwa mmoja wao. Mtoto wa msitu wa Ituri aliona bahari, akaona mchanga usio na mti hata mmoja. Wakongo wengine, wa hospitali ya jeshi, walifika hata Burma kutibu majeruhi.

Tusiwasahau waliobaki. Mwaka 1942 serikali ya koloni ilipandisha kazi ya lazima vijijini toka siku 60 mpaka 120 kwa mwaka. Mama na ndugu za soda nao walilipa vita ile.

Kurudi

Sisi katika chama hiki tunajua neno "kurudi" kuliko maneno mengine yote. Wazee wale nao walirudi. Walikuta nini? Walikuwa wameshinda majenerali, lakini mpaka uhuru wa 30 Juni 1960 hakuna Mkongo aliyekuwa ofisa katika jeshi lile. Faradje walijengewa mnara wa kumbukumbu. Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvalisha medali Koplo Albert Kunyuku pale Kinshasa. Alikuwa na miaka 100, na vita ilikuwa imeisha miaka 77 nyuma. Tulifurahi kwa ajili yake. Lakini wenzake waliokwisha kulala, nani atawavalisha?

Kwa familia nyingi za huku, ushahidi wa kazi ile ulikuwa karatasi moja ndani ya sanduku. Na sisi tumekimbia mara ngapi toka 1999? Kila tunapokimbia, karatasi zinabaki. Mtoto akiuliza "koko alikuwa nani?", tunajibu kwa mdomo tu, na mdomo nao unazeeka.

Tunachoomba

Komiti imekubali mambo mawili. Kwanza, fomu yetu sasa ina mstari wa karatasi na kumbukumbu za familia. Pili, tumefungua daftari. Yeyote mwenye kitabu cha jeshi, cheti cha ubatizo, hati ya shamba au picha ya zamani, alete. Tutapiga fotokopi Bunia, moja irudi kwako, moja ibaki huko kwenye sanduku la chuma. Kwenu wafadhili hatuombi mnara. Tunaomba sanduku lile na franga za fotokopi.

Asiye na karatasi pia aje. Yule mzee alikuja wa kwanza, mikono mitupu. Akakaa, akafumba macho, akatutajia namba ya matrikule ya baba yake, tarakimu kwa tarakimu, bila kusita. Alifundishwa akiwa mtoto, kama wengine wanavyofundishwa sala. Tumeiandika kwenye ukurasa wa kwanza.