Ng'ombe wa Mahari Mbele ya Majaji wa Kampala



Tarehe 6 Agosti, 2015, Mahakama ya Juu ya Uganda mjini Kampala ilitamka kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe pindi ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1995. Shauri lenyewe lilifunguliwa mwaka 2007 na Mifumi, shirika la kutetea haki za wanawake lenye chimbuko lake Tororo, pamoja na wenzake. Mahakama ya Katiba ililitupilia mbali mwaka 2010, nao wadai wakakata rufani.

Huenda msikilizaji wa mjini akauliza: ng'ombe wana uhusiano gani na kipigo? Uhusiano huo ni mkubwa. Ng'ombe wa mahari hawakai zizini kumngojea binti arudi. Aghalabu hutolewa tena ili kaka mtu naye apate kuoa, au huuzwa kulipia shida za nyumbani. Basi binti akirejea kwao usiku, uso umevimba, huwa amerejea na deni. Baba akimpokea itambidi awatafute ng'ombe ambao hanao tena. Asipowapata, atamsihi mwanawe arudi akavumilie. Wazazi wa namna hiyo si lazima wawe wakatili. Ni maskini walionaswa.

Jaji Jotham Tumwesigye, aliyeandika hukumu ya walio wengi, aliona kwamba dai la marejesho humvunjia mwanamke heshima na kumnyima uhuru wa kuiacha ndoa iliyoharibika. Aidha, dai hilo halihesabu jasho ambalo mke amekwisha kulimwaga katika nyumba hiyo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kifungo hicho kilikuwa cha kimila tu. Wake waliofunga ndoa ya kanisani nao walikuwa na kufuli lao, na hilo lilitengenezwa na serikali ya kikoloni. Kwa Sheria ya Talaka ya mwaka 1904, mume alihitaji kuthibitisha uzinzi wa mkewe, basi. Mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi wa mumewe na, juu yake, kosa jingine kama vile ukatili au kutelekezwa kwa miaka miwili. Kwa maneno mengine, ukatili peke yake haukumtosha mke kupewa talaka! Tume ya Kalema ilichunguza ndoa, talaka na hali ya wanawake, ikatoa taarifa yake mwaka 1965. Mengi iliyopendekeza yakalala kabatini. Mwaka 2002 Dkt. Specioza Kazibwe, aliyekuwa Makamu wa Rais, alitamka hadharani kwamba amepigwa na mumewe, na baadaye akaomba talaka mahakamani. Machi 2004, kwa ombi la chama cha wanasheria wanawake, FIDA, Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu hivyo vya ubaguzi, vikiwa vimedumu karne nzima.

Kuhusu mahari yenyewe, Mahakama ya Juu ilikataa kuipiga marufuku, ingawa Jaji Esther Kisaakye hakuafikiana na wenzake. Kwa maoni yetu, walio wengi walikuwa na sababu ya kusita. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton huko Nairobi aliiita ndoa ya Kiafrika ununuzi wa mke, akakataa kuihesabu kuwa ndoa. Kukubali leo kwamba mahari ni bei tu kungekuwa kumpa Hamilton ushindi aliokuwa hastahili.

Lakini madai ya ng'ombe hayaanzii Kampala. Huanzia kwa wazee wa ukoo na katika mabaraza ya vijiji, chini ya mti, ambako nakala ya hukumu haifiki upesi, na ambako mara nyingi waketio kuamua nao walioa kwa ng'ombe na wanao mabinti walioolewa.