Nani Anashika Daftari?

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Juma hili nataka tuutafakari usemi huo kwa kuitazama historia ya Karatu na Ngorongoro. Siku hizi vijana wetu, mijini na wilayani, wanaulizana juu ya elimu iitwayo blokicheni, na wapo wanaodhani ni njia ya kutajirika usiku mmoja. Mimi nasema ni daftari tu, na mambo ya daftari si mageni katika nchi hii.

Tuanze na mashamba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walowezi, wengi wao Wajerumani, walianza kupanda kahawa kwenye miteremko ya Oldeani na Karatu, chini ya msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Katika mashamba ya walowezi wa Tanganyika siku hizo kibarua alihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Kadi ilikaa mfukoni mwake, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa bwana shamba na nyapara wake. Siku isiyotiwa alama haikulipwa, hata kama jasho lilikwisha kumtoka. Vita vilipozuka mwaka 1939, Wajerumani wa Oldeani walikamatwa na mashamba yao yakawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui, kisha yakapata wenyewe wengine. Mabwana walibadilika. Kalamu haikumfikia kibarua.

Majirani zao wa Kilimanjaro walitafuta njia nyingine. Mwaka 1925 wakulima wadogo wadogo wa huko waliunda chama chao cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mkulima akawa na stakabadhi yake, na chama kikawa na vitabu ambavyo wanachama wangeweza kudai visomwe mkutanoni. Lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo, katika vyama vya ushirika daftari kuu lilibaki moja, na aliyelishika ni katibu. Katibu mwaminifu aliinua chama, na katibu mlafi alikizamisha. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na mazao yakakabidhiwa kwa mamlaka za mazao. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Katika misukosuko yote hiyo mkulima aliuliza swali lile lile: nani anashika daftari?

Blokicheni ilibuniwa kujibu swali la namna hiyo. Mwaka 1991 wataalamu wawili, Stuart Haber na Scott Stornetta, walieleza jinsi ya kuzipiga nyaraka za kompyuta muhuri wa tarehe usioweza kughushiwa. Kila ukurasa hukokotolewa tarakimu yake maalumu, na tarakimu hiyo huandikwa ndani ya ukurasa unaofuata. Ukibadilisha herufi moja ukurasa wa nyuma, kurasa zote za mbele zinakusuta. Kuanzia mwaka 1995 kampuni yao ilichapisha tarakimu hizo kila juma katika matangazo madogo madogo ya gazeti la The New York Times. Kwa nini gazeti? Kwa sababu anayetaka kughushi angelazimika kuzikusanya nakala zote zilizokwisha kununuliwa na watu.

Mwaka 2008 mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto walilitumia wazo hilo kuunda sarafu ya Bitcoin, iliyoanza kazi Januari 2009. Badala ya katibu mmoja, kila mshiriki anaweza kuwa na nakala ya daftari zima. Hapo ndipo lilipo jambo jipya. Sarafu ni matumizi mojawapo tu.

Kwetu mjadala umekuwa zaidi juu ya sarafu. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi kwamba sarafu hizo si fedha halali. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka Benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo. Mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Hayo yana nafasi yake, lakini mkulima wa Karatu ana haja na daftari kuliko sarafu.

Chukua kahawa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa inayoingia huko ionyeshe shamba ilikolimwa, na kwamba shamba hilo halikutokana na msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini mwelekeo wa soko umejulikana. Mashamba yanayopakana na msitu wa Ngorongoro yatahitaji kumbukumbu zinazoaminika ng'ambo, na hapo blokicheni inaweza kufaa.

Tusiifanye kuwa dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk ilichunguza safari ya shehena ya bidhaa zinazohitaji ubaridi kutoka Afrika Mashariki hadi Ulaya, ikakuta imepita kwa watu na ofisi karibu 30, na mawasiliano zaidi ya 200. Mwaka 2018, pamoja na IBM, ikaanzisha daftari la blokicheni liitwalo TradeLens ili kuondoa usumbufu huo. Novemba 2022 walitangaza kulifunga. Ushirikiano wa wafanyabiashara waliouhitaji duniani haukupatikana. Mashine haikuwaponza, watu hawakukubaliana.

Tatizo kubwa zaidi lipo karibu. Teremka kutoka Karatu hadi Mang'ola, bonde la Ziwa Eyasi, ambako chemchemi zinazolishwa na nyanda za Ngorongoro na Oldeani hunywesha mashamba ya vitunguu. Adui wa mkulima wa vitunguu ni lumbesa: gunia linalojazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu. Mnunuzi hulipia gunia moja na kuondoka na gunia na ziada. Sheria ya vipimo hairuhusu, na Wakala wa Vipimo hupiga vita mtindo huo mwaka hadi mwaka.

Sasa mpe mnunuzi huyo blokicheni. Ataandika “gunia moja”, na maneno hayo hayatafutika milele. Uongo uliokuwa ukiishi katika daftari la shilingi mia tano utakuwa na nakala duniani kote, kila moja ikiuthibitisha. Daftari hilo linalinda kilichoandikwa. Haliwezi kujua kilichopimwa.

Basi vijana wa Karatu na kwingineko wajifunze elimu hii, wakianzia kwenye hesabu na utunzaji wa vitabu. Nao viongozi wa ushirika, kabla ya kununua programu yoyote, wanunue mizani, waiweke mahali pa wazi, na mkulima asome kilo zake mwenyewe kabla hazijaandikwa. Kibarua wa zamani wa Oldeani alijua fika siku alizofanya kazi. Alichokosa ni haki ya kusimama karibu wakati kalamu inaandika.