CD ya harusi inadumu miaka mingapi?

Fungua droo ya kabati la TV kwenye nyumba nyingi za Kondoa, utakuta rundo la CD na DVD zilizoandikwa kwa maka peni: harusi ya 2008, maulidi, mahafali ya darasa la saba, mazishi ya babu. Baadhi ya waliorekodiwa humo wameshatangulia mbele za haki. Mpiga video naye mara nyingi alishafuta kazi hiyo kwenye kompyuta yake zamani. Nakala ni hiyo moja, na siku ikigoma ndiyo basi.

Itagoma lini? Inategemea imetengenezwaje.

CD inayotoka kiwandani na muziki wake hugongwa kama muhuri. Data ni vishimo vidogo mno kwenye plastiki, vikafunikwa na utando wa alumini unaorudisha mwanga. CD ya kuchoma, ile ya steshenari, ni kitu kingine. Ndani yake kuna tabaka la rangi ya kemikali, na leza huichoma rangi hiyo nukta kwa nukta mpaka ibadilike. Yaani harusi yako imeandikwa kwa wino, na jua, joto na unyevu vinaufifisha wino huo kama kanga inayoanikwa juani kila siku.

Mwaka 2003 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa kutunza diski hizi. Kwa mujibu wake, watengenezaji waliofanya majaribio wanakadiria CD na DVD za kuchoma mara moja zitadumu miaka 100 hadi 200, na zile za kufuta na kurudia miaka 25 au zaidi. Inavutia, ila kuna masharti: joto la nyuzi 4 hadi 20, unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Ukame wa Kondoa unasaidia kwenye unyevu. Joto la chini ya bati mchana wa Oktoba ni habari nyingine.

Mwongozo huohuo unaipa CD tupu miaka 5 hadi 10 tu kabla ya kuchomwa. Kwa hiyo ile iliyokaa dukani ikipigwa na jua imeanza kuzeeka kabla hujainunua.

Ogopa zaidi upande wa juu

Watu hulinda upande unaong'aa. Kumbe kwenye CD data zipo karibu kabisa na upande wa maandishi, chini ya vanishi nyembamba. Mkwaruzo wa chini fundi anaweza kuung'arisha. Wa juu unaweza kuondoka na data zenyewe. DVD ina nafuu, maana data zimebanwa katikati ya plastiki mbili.

Wino wa Kolo

Kaskazini ya mji wa Kondoa, kwenye barabara ya Babati, ipo michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Wekundu wake unatokana na udongo wenye oksidi ya chuma. Hayo ni madini, na jua haliyafifishi kirahisi kama rangi ya CD. Kampuni ya Marekani, Millenniata, ilifuata wazo linalofanana na hilo kwenye diski zake za M-DISC: badala ya rangi ya kemikali, tabaka gumu kama jiwe. Ilidai miaka 1,000, dai ambalo hakuna atakayeishi kulihakiki.

Hata hivyo mchoro unasomwa kwa macho. Diski inahitaji deki. Mwaka 1986 BBC ilihifadhi picha na habari za Uingereza nzima kwenye diski za leza, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday. Kufikia 2002 mashine za kuzisoma zilikuwa adimu, wataalamu wakahangaika kuziokoa, ilhali kitabu cha mwaka 1086 kilikuwa bado kinasomeka. Februari 2025 Sony iliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia, na laptopu nyingi mpya hazina tena mahali pa kuingiza CD.

Kolo yenyewe haikutegemea mwamba peke yake. Mwaka 1951 Mary Leakey alinakili michoro ya Kondoa kwa mkono, na kazi hiyo ikatoka kitabu mwaka 1983.

Kwa rundo lako la kabatini, tafuta kompyuta yenye sehemu ya CD mapema. Futa diski kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Ikigandaganda, jaribu mashine nyingine kabla ya kukata tamaa, kwani hazilingani uwezo wa kusoma. Kwenye DVD nakili folda yote ya VIDEO_TS. DVD ya kawaida haizidi GB 4.7, hivyo flashi ya GB 64 inabeba kama 12. Flashi nayo hufa, tena bila taarifa, kwa hiyo weka nakala ya pili kwenye hadi disiki inayokaa nyumba nyingine.