Kutoka Bomani hadi Uwaziri Mkuu

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, wasomi Waafrika walikuwa wachache mno, na kijana mwenye digrii alifuatwa na kazi hata kabla hajaitafuta. John Malecela, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa 1934 na kusomea biashara Bombay, aliingia serikalini 1960 akiwa ofisa utawala, ngazi ileile ambayo Waingereza waliitumia kutawala wilaya. Mwaka 1963 alikuwa mkuu wa mkoa Mwanza. Mwaka uliofuata alikuwa New York, balozi wa nchi yake Umoja wa Mataifa, na umri wake miaka 30 tu.

Ndivyo Mwalimu Nyerere alivyoendesha dola yake changa. Ukuu wa mkoa, ubalozi na uwaziri vilikuwa vyumba vya nyumba moja, na funguo zote alikuwa nazo yeye. Malecela akavipitia: masuala ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mambo ya Nje 1972, Kilimo 1975, baadaye Madini na Uchukuzi. Kilimo alikipokea nchi ikiwa bado inauguza njaa ya 1973–74, na mtu wa Ugogo hahitaji mtaalamu wa kumweleza maana ya mvua kukatika Februari. Mwaka 1986 alikuwa mmoja wa watu 7 wa Jumuiya ya Madola waliokutana na Nelson Mandela gerezani Pollsmoor. Kisha akarudishwa kuwa mkuu wa mkoa, Iringa. Leo waziri wa zamani angeona ameshushwa. Kwa kizazi kile ulikuwa uhamisho tu.

Novemba 1990 Rais Mwinyi alimteua Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais, na hapo ndipo mazoea ya utumishi yalipomponza. Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Wabunge 55 wa Bara, waliobatizwa G55, wakajibu 1993 kwa kudai serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Serikali, iliyokuwa ikilipinga wazo hilo, ikaligeukia na kulikubali bungeni. Nyerere, aliyekuwa amestaafu, akaandika kitabu kizima akimlaumu Malecela na Katibu Mkuu wa chama tawala CCM, Horace Kolimba, kwa kumpotosha Rais. Naona lawama ilikuwa kali kupita kiasi, kwani Baraza zima la Mawaziri lilikuwapo. Lakini ofisa aliyezoea kupokea maelekezo hakuwa ameandaliwa kusimama peke yake.

Desemba 1994 akaondolewa. Aliyechukua nafasi yake, Cleopa Msuya, naye alikuwa mtu wa mafaili, aliyeanza kuwa katibu mkuu wa wizara 1964.

Malecela, Tingatinga kwa wafuasi wake, alibaki makamu mwenyekiti wa CCM Bara hadi 2007. Aliutaka urais 1995 na 2005, chama kikamkatalia. Ubunge wa Mtera aliupoteza 2010 katika kura za maoni, akishindwa na Livingstone Lusinde, mtu wa jukwaa aitwaye Kibajaji.