Ardhi Nayo Huchoka: Funzo Kutoka Uswisi

Ndugu mkulima, wazo la kupasha nyumba kwa joto la ardhini lina hataza ya Uswisi ya mwaka 1912, ya Heinrich Zoelly. Hofu ilikuwa: je, ardhi haitaishiwa joto?

Mwaka 1986, huko Elgg karibu na Zürich, bomba lilishushwa mita 105 ardhini, na vipimajoto vikawekwa kando yake. Miaka ya mwanzo ardhi ilipoa haraka. Baadaye ikatulia, nyuzi 1 hadi 2 chini ya mwanzo. Kiangazi pampu ilipumzika, joto la pembeni likarudi polepole.

Mabomba yakisongamana hunyang'anyana joto, kama mahindi yaliyobanana. Shamba nalo lipe nafasi, mapumziko na samadi.