Kutambua hifadhi mpya ya mtandao katika seva ya Linux bila kuiwasha upya

Hifadhi ya mtandao ni nafasi ya data iliyomo katika mashine nyingine, ambayo seva huitumia kana kwamba ni diski yake yenyewe. Fungu moja la nafasi hiyo linalogawiwa seva huitwa LUN.

LUN mpya inapogawiwa, aghalabu seva ya Linux haiioni papo hapo, kwa kuwa kiini cha mfumo huuliza orodha ya diski wakati wa kuwaka au wa kuunganishwa na hifadhi. Kuwasha upya seva huleta diski hiyo, lakini hukatiza huduma zote zinazoendelea. Inatosha kukiamuru kiini kiulize tena, kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, root.

Kwa iSCSI. Itifaki hii hupitisha amri za SCSI katika mtandao wa kawaida wa TCP/IP. Vikao vilivyo wazi huulizwa upya hivi:

`iscsiadm -m session --rescan`

Kwa Fibre Channel. Amri hutolewa kwa kila adapta, namba ya host ikibadilishwa ipasavyo:

`echo "- - -" > /sys/class/scsi_host/host0/scan`

Vistari vitatu husimama badala ya chaneli, lengwa na LUN. Kila kimoja humaanisha "yoyote".

Uthibitisho. Amri `lsblk`, ikitolewa kabla na baada, huonyesha diski iliyoongezeka.

Tahadhari. Jina kama sdb si kitambulisho cha kudumu. Baada ya kuwasha seva linaweza kuangukia diski nyingine. Tena, LUN moja inayofikiwa kwa njia mbili huonekana kama diski mbili, na anayezidhania kuwa mbili huweza kuharibu data kwa kuandika juu yake mara ya pili. `multipath -ll` huonyesha njia za LUN moja pale huduma ya multipath inapotumika. Kabla ya kutoa amri ya `mkfs`, namba ya WWID iliyomo katika `/dev/disk/by-id` ilinganishwe na ile iliyosajiliwa upande wa hifadhi.

Matumizi. *Kutambua* kusichanganywe na *kupachika*. Diski hutambuliwa kiini kinapojua kuwa ipo. Hupachikwa mfumo wake wa faili unapounganishwa na saraka. Diski iliyotambuliwa tu bado haihifadhi faili.